Nyumba ya Baba Ukingoni mwa Mto, Kindu

Niliondoka Kindu kwa sababu ya nyumba aliyotuachia baba, ile inayotazama mto. Mdogo wangu Alimasi, anayeishi Stockholm, alikuwa amepata mnunuzi, na bila sahihi yangu isingeuzika. Akanitumia tiketi. "Njoo uone kwanza tunavyoishi, yaya," aliniambia kwenye simu, kwani kwetu dada mkubwa huitwa yaya, "halafu utaamua."

Nilibadilisha ndege Kinshasa, kisha Addis Ababa. Alimasi alinipokea akiwa ameota mvi, tukapanda treni hadi Hagsätra, mwisho wa reli. Nyumbani binti yake Riziki, msichana wa miaka kumi na sita, alinisalimia vizuri kwa Kiswahili, lakini yaliyofuata akayasema kwa Kiswidi.

Jumamosi walinipeleka mjini kati. Maji kila upande, madaraja, na watu wakivua samaki karibu na jumba la mfalme. Sitaficha, niliupenda mji ule.

"Umeona?" Alimasi akasema. "Tuiuze nyumba, ubaki na sisi."

"Mji wako ni mzuri," nikamjibu. "Lakini na mimi nina mji wa maji, tena wa joto. Kila asubuhi navuka mto kwenda kuzalisha akina mama ng'ambo, na anayepiga kasia ni mtu niliyempokea mwenyewe siku aliyozaliwa. Jioni nikichelewa sokoni, muuza samaki ananiwekea kambale wangu. Watu tunaketi barazani kwa baba, upepo wa mto unatufikia. Hayo nitamuuzia nani?"

Riziki alikuwa akisikiliza. Akamgeukia baba yake, akasema jambo kwa Kiswidi.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anasema usitie sahihi. Hajawahi kuiona nyumba ya babu yake."

Kesho yake, baada ya ibada, Alimasi alimpigia mnunuzi simu mbele yangu, akamwambia nyumba haiuzwi tena, akamwomba radhi. Nilimkumbatia. Wiki tatu zilizobaki tulikaa kwa raha.

Nilirudi Kindu siku ya Jumapili, na Jumatatu nikaenda kazini. Wauguzi wakaniuliza Ulaya kukoje. Niliwaambia ni kuzuri, na nilisema kweli. Ila nilichojifunza ni hiki: kule nilikuwa dada yake Alimasi, mgeni. Hapa ni Mama Feza wa wodi ya wazazi, na kabla mtumbwi haujagusa ng'ambo nimeshaitwa kwa jina mara tatu.