Bawabu wa Livorno na Mgeni Aliyekataa Mwavuli

Saa tisa alasiri ya Ijumaa. Jua limebakiza saa tatu kuzama, na Graziella Bedarida ana hoteli nne za kuzungukia kabla Sabato haijaingia. Anafunga vifungo vya koti, anatia daftari la kijani mkobani, kisha anachukua mwavuli ingawa mbingu ni nyeupe kabisa.

"Mvua ya Livorno haipigi hodi," anasema. "Nimeshajifunza."

Katika hoteli ya kwanza, karibu na bandari, mume na mke kutoka Uholanzi wanamsubiri sebuleni, pasipoti mkononi, wamekaa wima kama watoto wanaomngoja mwalimu mkuu. Graziella anasalimu. Anatazama picha, anatazama uso, anaandika. Dakika mbili, kazi imekwisha. Halafu yanaanza maswali, na hapo ndipo anapokaa kitako.

"Mama, hii kofia yangu ndogo, niivae barabarani?" anauliza mume.

"Vaa. Moyo usipotulia, weka chepeo juu yake. Mungu anaona mpaka chini ya chepeo."

"Na chakula?" Wao hula nyama iliyochinjwa kwa sheria ya Kiyahudi tu.

"Nyama ya kosher inatoka Florence kila Jumatano. Leo Ijumaa usiulize, imeshaliwa. Kuna samaki. Na kesho baada ya sala kuna vibiskuti vya duara, lakini muwahi kabla Cesare, mtunza nyumba yetu ya sala, hajavimaliza."

Mke ana lake: mlango wa chumba unafunguliwa kwa kadi ya umeme, nao Sabato hawagusi umeme. Graziella anamnyooshea kidole Ornella, mwanamke wa mapokezi, ambaye anainua kadi yake juu na kuipunga: atawafungulia yeye. Hiyo nayo imekwisha.

Graziella ana umri wa miaka sitini na miwili. Kwa miaka ishirini na saba alikagua tiketi za abiria wa meli za Sardinia. Alipostaafu alipewa ubawabu wa nyumba ndogo ya sala ya Wayahudi, mtaa wa nyuma ya soko, nao huu ni mwaka wa kumi na moja. Analipwa euro mia saba kwa mwezi. Ukimuuliza kama zinatosha anakutazama kama umemuuliza uzito wake.

"Zinanunua kahawa," anasema, "na kahawa ndiyo inayonishikilia miguu."

Lakini hizi safari za Ijumaa halipwi. Hakuna aliyemtuma. Alizianza mwenyewe Novemba iliyopita, kwa sababu ya mzee mmoja aliyekataa mwavuli.

Ili uielewe Novemba hiyo, lazima urudi nyuma kidogo, kwenye jambo ambalo Graziella halisimulii mpaka ashike kitu mkononi. Safari hii, mkahawani jirani na hoteli ya kwanza, anashika kijiko cha kahawa.

Miaka miwili kabla, asubuhi ya Sabato, alikuja kijana aliyevaa koti zuri, kofia ndogo kichwani, akatoa salamu ya Sabato vizuri kuliko wenyeji. Graziella akamfungulia bila kumuuliza jina. Siku tatu baadaye picha za video zikazagaa mitandaoni: milango ya nyumba ya sala, saa za ibada, nyuso za watoto, na maneno machafu chini yake.

"Mimi ndiye niliyemshikia mlango," anasema. "Nikamwambia karibu, mwanangu."

Hakuna aliyeumizwa. Lakini wazazi waliwazuia watoto nyumbani miezi mitatu, na familia nne hazikurudi tena. Katika jumuiya kubwa, familia nne ni viti vinane vitupu. Katika jumuiya ya Graziella lilikuwa pigo, maana sala ya pamoja hukamilika kwa wanaume kumi. Wakiwa tisa, Torati haisomwi hadharani, na Kadishi, sala anayosema mtu kumkumbuka mzazi wake aliyefariki, haisemwi.

Tangu hapo Graziella aliweka sheria. Mgeni aandike barua pepe siku tatu kabla, na afike na pasipoti. Asiye na karatasi haingii. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, naye alishtuka kwa miaka miwili mfululizo. Cesare Attias, mtunza nyumba ya sala, mwenye ulimi usiojua likizo, akawa anamtania kila wiki: "Hata nabii Eliya akishuka leo, dada Graziella atamuuliza pasipoti."

"Na akiwa hana, arudi alikotoka," Graziella alikuwa akimjibu.

Sasa, Novemba. Ilikuwa Sabato, na siku hiyo hiyo kumbukumbu ya kifo cha baba yake, Aldo Bedarida. Kaka yake, Vittorio, mwenye miaka sabini na moyo usioaminika, alikuja kwa miguu, akipumzika kila kona, ili amsemee baba Kadishi. Saa tatu na nusu wanaume waliokuwa ndani ni tisa. Saa nne kasoro robo, bado tisa. Mmoja alikuwa na homa, mwingine kaenda kwa binti yake Milano.

"Vittorio alikuja mlangoni akaniuliza, hakuna mtu? Nikamwambia hakuna. Akarudi kukaa."

Ndipo mzee mmoja akafika mlangoni.

Alikuwa peke yake, mfupi, koti jeusi, chepeo la bluu kichwani. Alitaja jina lake, Rubén Szteinberg, fundi saa mstaafu wa Montevideo. Alikuwa njiani kwenda Florence. Mgomo wa treni ukamkwamisha Livorno Ijumaa jioni, na Sabato ikamkuta hapo. Hakuandika barua pepe, maana hakujua kama angelala mji huu. Wala hakuwa na pasipoti.

"Iko wapi?" Graziella aliuliza.

"Hotelini."

"Kwa nini hukuja nayo?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Leo Sabato, mama. Sibebi kitu barabarani."

Haya, ndiyo hivyo. Sheria ya mlango inadai karatasi, na sheria ya Sabato inakataza kuibeba. Kwa miaka miwili Graziella aliwadai wageni wake kitu ambacho wacha Mungu miongoni mwao hawakuweza kumpa, naye binti wa Kiyahudi, mjukuu wa rabi, halikumpitia akilini.

"Nilizoea bandari," anasema. "Bandarini hakuna Sabato."

Alimwambia mzee asubiri nje, chini ya ukuta. Mzee akasema sawa. Hakulalamika. Na hapo mvua ya Livorno, kama desturi yake, ikaingia bila hodi.

Graziella alifungua mwavuli wake, akamnyooshea. Mzee akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni.

"Asante, mama. Leo siwezi."

Kwa wanaoshika Sabato barabara, kufungua mwavuli, hata kujifunika uliofunguliwa na mwingine, ni kama kusimika hema, nayo ni kazi. Graziella aliwahi kulisikia hilo kwa bibi yake, akalisahau kwa sababu hakuna mtu mtaani kwake anayelifuata. Akabaki amesimama kavu chini ya kitambaa, na mbele yake mtu wa miaka sabini na nne anachuruzika maji, chepeo limelala usoni, haombi chochote.

Dakika tano. Dakika kumi. Carmelo, askari kijana anayelinda ile barabara na bunduki yake, alishindwa kuvumilia.

"Mama Graziella, babu wa watu ataugua."

"Namwona, Carmelo."

"Sasa?"

"Sasa nyamaza kidogo nifikiri."

Aliyekuwa akimfikiria ni baba yake. Mwaka 1943, Wanazi walipokuwa wakiwasaka Wayahudi, Aldo alikuwa mtoto wa miaka minane, amekimbilia milimani na mama yake, na usiku mmoja waligonga mlango wa mkulima wasiyemjua. Mke wa mkulima alifungua. Hakuuliza jina wala karatasi. Alisema tu, ingieni, mnaloa. Miezi kumi na moja walikaa pale, kwenye ghala la chestinati, kokwa za miti ya milimani, na ndiyo sababu Vittorio na Graziella walizaliwa.

"Na mimi, siku ya baba huyo huyo, nimemsimamisha mtu mvuani kwa sababu ya karatasi," anasema, na kijiko kinagonga kisahani. "Lakini ndani kulikuwa na watoto wawili. Yule mke wa mkulima alihatarisha nyumba yake mwenyewe. Mimi ningehatarisha watoto wa watu. Ningefanyaje?"

Alichofanya ni hiki. Alimwita Cesare ashike mlango. Akaingiza kichwa ndani, akamwambia kaka yake, "Vittorio, msiondoke. Hata iwe saa sita, msiondoke." Kisha akamgeukia mgeni.

"Mzee wangu, wewe huwezi kubeba karatasi kuniletea. Basi mimi nitaifuata. Twende."

"Ni mbali, mama. Dakika kumi na tano."

"Na kurudi kumi na tano. Twende."

Akaufunga mwavuli, akauacha kwa Carmelo. Angejifunikaje na mgeni wake analowa? Walitembea hivyo hivyo, wazee wawili, wakipita kando ya mfereji, watu kwenye vibaraza vya kahawa wakiwashangaa. Njiani mzee aliuliza jambo moja tu: ndani wako wangapi?

"Tisa."

Mzee akaongeza mwendo.

Walipofika hotelini, mlango wa kioo, ule unaojifungua wenyewe ukiukaribia, ukawa kikwazo kingine. Mzee alisimama mbali nao. Umeme tena. Wakangoja atoke mtu ili wapenye nyuma yake, na kwa dakika nne nzima hakutoka mtu.

"Nilitaka kucheka, nilitaka kulia," anasema Graziella. "Wakristo kanisani wanasubiri miujiza. Sisi tulisubiri mhudumu atoke kuvuta sigara."

Mhudumu akatoka. Mapokezi walimkuta Ornella, na Graziella hakumaliza hata swali.

"Huyu? Namjua huyu," Ornella alisema. "Jana kabla ya magharibi ameniomba chumba cha chini asipande lifti. Leo saa kumi na mbili asubuhi ameniomba kwa adabu zote nimfungulie chumba kwa kadi yangu. Nikakuta taa ya bafuni inawaka, eti imekesha hivyo kwa sababu alisahau kuizima kabla ya Sabato. Tapeli gani anajitesa hivi?"

Kwa idhini ya mzee alifungua daftari la wageni na kuonyesha nakala ya pasipoti. Graziella akatazama picha, akatazama uso. Alitazama kwa muda mrefu, anakiri, kwa sababu macho yalikuwa na maji na hakujua ni ya mvua au ni yake.

Saa tano na dakika kumi Carmelo aliwaona wanapinda kona, akapiga mluzi. Cesare akafungua mlango, akamkagua mgeni toka chepeo mpaka viatu.

"Jamani, Eliya kafika," akatangaza ndani. "Kaloa chapachapa, ila karatasi zake ziko sawa."

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Wanaume tisa walisimama wote kumpokea, wakamvua koti, wakampa kiti karibu na moto uliowashwa kabla ya Sabato.

Torati ikasomwa. Kisha Vittorio akasimama kwa ajili ya Kadishi, na mgeni akainua mkono.

"Huyu mama wa mlangoni amekusihi msiondoke. Marehemu ni nani kwake?"

"Ni baba yake," Vittorio alisema. "Ni dada yangu."

"Basi naye asikie."

Mlango wenyewe haufunguliwi wakati wa sala. Hiyo ni sheria ya Graziella na mgeni aliiheshimu. Lakini mlangoni kuna kidirisha cha ukubwa wa kitabu, cha kuchungulia. Cesare akakiacha wazi. Kwa miaka yote ya ubawabu Graziella alikuwa akizisikia sala za nyumba yake kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Siku hiyo alisikia jina la baba yake, kila neno, sauti ya kaka yake ikikatika na kuendelea. Alijibu amina kutoka nje. Carmelo, Mkatoliki wa Calabria, akavua kofia naye akajibu.

"Tulikuwa kumi," Cesare husema mpaka leo, "na wawili wa akiba."

Ndiyo maana kila Ijumaa Graziella huzunguka hotelini na daftari la kijani. Anaona karatasi kabla jua halijazama, ili kesho yake mgeni afike mlangoni mikono mitupu, kama Sabato inavyotaka, naye aufungue kwa moyo mweupe. Sheria haijalegea. Imepata miguu tu.

Mpango wake sasa ni Pasaka. Anataka karamu ya jumuiya irudi, ile iliyosimama tangu yale mabaya, ambayo katikati yake mlango hufunguliwa kwa ajili ya Eliya. Mzee Rubén ameshaandika kwamba atakuja. Nakala ya pasipoti aliituma mwezi mzima mapema, na chini yake ameandika aletewe mwavuli siku yoyote isiyo Sabato.

Na wiki iliyopita iliingia barua pepe nyingine, kwenye anwani ile ile ya wasafiri. Mtu aliuliza mambo wanayouliza wasafiri wote: kuna mlinzi, saa ngapi, je, ni salama kuja na watoto. Mwandishi hakutoka Uholanzi wala Uruguay. Anakaa mitaa mitatu kutoka nyumba ya sala. Ni mama wa moja ya zile familia nne.

Graziella hajamaliza kahawa. Anavaa koti, anaangalia saa, zimebaki hoteli tatu. Alimjibu nini?

"Nilimwambia ukweli, kwamba usalama kamili sina wa kumpa. Nikamwambia mlangoni nipo mimi, na safari hii naangalia." Anafungua daftari la kijani ukurasa wa Pasaka. Chini ya Szteinberg, kwa mwandiko wa bandarini, kuna majina mawili ya watoto, na mbele ya kila moja ameshaweka alama ya vema. "Hawa sitawauliza karatasi. Nawajua tangu wabebwe mgongoni."

Anachukua mwavuli, anatoka.