Kwa Bi Nasma Makofi Hayapigwi

Wanaoniuliza Bi Nasma yuko wapi, nawajibu yuko Maramba kwa dada yake, analima mihogo. Wanasema aa, kumbe, sisi tulidhani anaumwa. Hao hao ndio ambao watoto wao walifunzwa na yule mama kukimbia na kuruka, na leo hata salamu hawampelekei. Shukrani ya punda ni mateke, na punda hapa Chumbageni ni wengi.

Mimi ni Mwanamkasi, fundi cherehani. Magodoro ya mazoezi ya Bi Nasma niliyashona mimi, magunia yaliyojazwa usumba wa nazi, na kila jioni nilikuwa pale kuyaziba yalipopasuka. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu.

Ujanani Bi Nasma alikuwa mwanasarakasi. Alizunguka na kikundi chake mpaka Mombasa, akiruka juu ya vichwa vya watu, hadi goti likamwambia basi. Akarudi nyumbani hana mume wala mtoto, akaanza kufundisha watoto wadogo, wa miaka minne mpaka saba. Wakubwa hakuwataka, alisema mkubwa ameshajua kuogopa. Mzee Tajdin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akampa ghala lake lililokuwa tupu, maana mjukuu wake Inara naye alikuwa mmoja wa watoto hao. Ghala lile ndilo lilikuwa maisha ya Bi Nasma. Alilifagia kila asubuhi kama mtu anayengoja wakwe.

Sasa mtu akisikia kuruka anaona jambo dogo, mtoto gani asiyeruka? Haya, mwambie mtoto wa miaka mitano akimbie, asukume kwa mguu mmoja, apanue miguu hewani, atue kwa mguu wa pili. Atasimama akutumbulie macho. Bi Nasma alitandika leso sakafuni, akaikunja ikawa nyembamba, akawaambia huu ni mfereji, nani atavuka bila kulowa? Wakiuzoea, leso inakunjuliwa kidogo, mfereji unapanuka. Anayetua kwa kishindo anarudia, kwa sababu paka hapigi kishindo.

Tabu ilikuwa pale ukingoni. Mtoto anakuja mbio, akiifikia leso anaganda, anaitazama miguu yake. Ukimwambia ruka, neno linachelewa kufika. Bi Nasma akagundua kofi. Anasimama nyuma ya mtoto, anapiga kofi moja, na mwili unaondoka wenyewe kabla hofu haijaingia. Kofi likawa ndiyo ruhusa. Bila kofi haondoki mtu, na kofi likilia habaki mtu. Wakikaribia miaka saba aliwaachisha polepole, kama unavyomwachisha mtoto ziwa, lakini si kabla.

Ndiyo maana pale ghalani palikuwa na sharti moja: mzazi akija kutazama, makofi hayapigwi. Ukifurahi, piga kigelegele. Wanaume waliona haya, wakawa wanainua mikono juu kama waliokamatwa na polisi, na mwishowe wakazoea. Mzee Tajdin mwenyewe, na ndevu zake nyeupe, nilimwona siku Inara alipovuka leso nzima iliyokunjuliwa. Aliinua mikono yote miwili na machozi yanamtoka. Usiniambie basi kwamba hakulijua sharti lile.

Likaja tamasha la michezo ya watoto, na mgeni rasmi atakuwepo. Sijui nani alimnong'oneza Mzee Tajdin kwamba mwalimu asiye na cheti atamtia aibu mbele ya wakubwa. Akamleta kijana kutoka Dar es Salaam, Edgar, na vyeti vyake na filimbi shingoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Bi Nasma aliambiwa alipumzishe goti lake, watoto watapelekwa na mwalimu Edgar.

Alimeza. Mimi nisingemeza, wallahi, ningesema mpaka mtaa wa pili wasikie. Yeye alikuwa na jambo moja tu moyoni, watoto wake wasiumie. Tukaenda naye kwa Edgar, akamweleza taratibu habari ya makofi, kwamba hawa bado hawajaachishwa, kwamba ukumbi uombwe unyamaze mpaka wote wavuke. Yule kijana alicheka. Si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayesikia habari za majini.

"Mama, nani atakwenda kumwambia mgeni rasmi asipige makofi?" akasema. "Nimeshawazoesha filimbi."

Kuwazoesha filimbi, kwa majuma machache! Tukatoka hapo tukaenda dukani kwa Mzee Tajdin. Bi Nasma hakuomba cheo wala kuitwa jina. Aliomba asimame tu pembeni ya magodoro. Mzee alikuwa akimpimia mteja misumari, hata hakuiacha mizani. Akamwambia, "Nasma, usinitie aibu mbele za watu." Siku ya tamasha Bi Nasma akabaki nyumbani kwake.

Mimi nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa. Wakaingia watoto sita na nguo zao nyekundu, wakajipanga mstari mmoja, Inara mbele, Sele nyuma yake, mbele yao godoro lililokunjwa la kuvuka. Edgar akaweka filimbi mdomoni. Kabla hajapuliza, mshereheshaji akashika kipaza sauti akaomba wapokewe kwa makofi ya nguvu. Nilisimama nikapiga ukelele kwamba jamani msipige makofi. Mwanamke aliyekaa jirani yangu akanivuta baibui, akaniambia nikae, nina wivu.

Ukumbi mzima ukapiga. Watoto wakaondoka wote sita kwa pamoja. Inara aliruka, na niseme haki, sijapata kuona mruko mzuri kama ule, miguu imenyooka huku na huku, ametua bila kishindo. Hakupata nafasi ya kusogea. Sele akamshukia mgongoni, na wengine juu yao. Watu wakadhani ndio mchezo wenyewe, wakazidi kupiga. Mdogo wao Nasri aliyekuwa ameanguka pembeni akainuka akaruka tena juu ya wenzake, maana makofi yalikuwa bado yanalia. Inara alivunjika mtulinga.

Kikao kikakaliwa kule kule ghalani. Edgar akaeleza kwamba watoto walikwisha kuharibiwa kabla yeye hajaja, walifunzwa kama wanyama wa maonyesho. Wazazi wakatikisa vichwa. Wale wale waliokuwa wakipiga vigelegele! Nikasema yangu, nikaambiwa hapa si mahali pa fundi cherehani. Bi Nasma alipoulizwa kama ni kweli aliwazoesha makofi, alijibu ndiyo, ni kweli. Mzee Tajdin akanyoosha mkono, akadai ufunguo wa ghala.

Nilimwambia asiende kumjulia hali yule mtoto, wasije wakamdhalilisha tena. Akasema mtoto ni wake vilevile. Basi tukaenda, amebeba machungwa kwenye kikapu. Tahera, mama yake Inara, alitupokea kwa adabu, karibuni, karibuni, kisha akaingia jikoni. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kochi, mkono umefungwa kifuani. Alipomwona Bi Nasma uso wote ukang'aa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Inara akamtazama kidogo, kisha akamwambia, "Mimi nilikuwa naogopa, kwa sababu hukuwepo. Halafu nikasikia makofi. Nikajua umekuja."

Tahera alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, na alisikia kila neno. Nilimtazama machoni, nikangoja aseme kitu, chochote. Akaiweka sinia mezani, akatuambia mtoto anatakiwa apumzike.