Karafuu Isiyotoka Mtini

Nilipomwambia mama mkubwa kwamba nasomea shahada ya pili ili nitengeneze katika maabara dawa iliyomo ndani ya karafuu, bila ya karafuu yenyewe, aliacha kupima mdalasini akanitazama. Duka lake liko Mji Mkongwe, na nyuma yake palikuwa na magunia mawili ya karafuu yaliyojaa hadi mdomoni.

"Kwani Unguja hii zimekwisha?" aliuliza.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa: ukijua kuijenga dawa kipande kwa kipande, utajua na kuibadilisha iwe kali zaidi.

"Haya mwanangu. Mungu akusahilishie," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Mara ya kwanza nilipata kitu kama lami. Mara ya pili maabara nzima ilinuka samaki ng'onda aliyeungua, na wenzangu wakahamia chumba cha pili pamoja na viti vyao. Mwalimu wangu alikuwa akipita kila asubuhi, ananusa, anaondoka kimya. Bora angenitukana.

Mara ya tano harufu ikatoka, karafuu tupu. Mashine ya kupimia ikathibitisha. Nilikuwa na matone machache ya mafuta ya manjano katika kichupa, nikakimbia nayo ofisini kwa mwalimu. Nikamkuta ameshika shavu, macho yamejaa maji. Jino lilikuwa likimsumbua tangu alfajiri.

"Mwalimu, nshaipata. Tena ndiyo dawa ya jino hasa."

Alikitazama kile kichupa.

"Umetia nini humu?"

"Si vile vile ulivyoniandikia mwenyewe?"

"Ndiyo maana nakuuliza." Akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja. "Mama yako mkubwa si ana duka?"

Nikapanda vespa hadi dukani.

"Nani anaumwa?" mama mkubwa aliuliza huku akizifunga karafuu katika gazeti.

"Mwalimu wangu."

"Yule anayekufundisha kuzitengeneza?"

"Huyo huyo."

Alikaa juu ya gunia akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Nilijaribu kununa, nikashindwa.

Alasiri mwalimu alisoma matokeo yangu mstari kwa mstari, karafuu imo shavuni kama mtafuna tambuu.

"Kazi safi," alisema kwa taabu. "Kesho anza kuibadilisha."

Nimesifiwa mara nyingi tangu siku ile, na watu wenye mashavu yaliyo sawa. Hakuna sifa iliyonifurahisha kama hiyo.