Paka Aliyepaa Msibani Ruangwa

Mnisamehe mwandiko, na mkikuta herufi imekosewa mjue nimeishia darasa la saba na naandika polepole. Mkasa huu nimeuficha kwa aibu mpaka leo.

Nilipokuwa mdogo Nachingwea, Jumapili mchana mimi na Somoe, jirani yetu, tulikuwa tunaingia banda la video, na kabla ya picha za ngumi mwenye banda alikuwa anatuwekea katuni moja ya zamani sana, haina rangi, paka anagongwa nyundo na mbwa, anakufa, roho inatoka na mabawa, inapaa huku inapiga kinanda, halafu mbwa anaidaka mguu na kuishindilia tena mwilini, ili amuue upya. Somoe alikuwa anacheka mpaka machozi, halafu tukitoka ananiuliza, "Hivi waliochora hawajawahi kufiwa?" Mwisho wake hatukuuona hata mara moja, kanda ilikuwa inakwama paka akiwa nusu angani. Nikawa namwigizia uani (mimi niliyeshindwa hata kuitika jina darasani), naye akaniita Paka.

Kisha kwao wakahamia Ruangwa. Nilikaa miaka minne namuwaza, nikapanga nikishavuna ufuta nitume mtu akaniposee.

Ufuta haujakauka, bibi yake mzaa mama akafariki. Nikaendesha baiskeli mpaka Ruangwa. Nikakuta watani wameshaanza, mmoja amejifunga shuka kama sanda, amelala njiani anazuia jeneza, na watu wanacheka na kulia pamoja kama ilivyo kawaida yetu. Baba alishaniambia ukoo wake ni watani wa ukoo wa kina Somoe. Nikamwona Somoe mlangoni, macho yamevimba, nikaamua nimchekeshe.

Nikalala kando ya yule mtani, nikafa, nikainuka taratibu, mikono ndiyo mabawa, kinanda napiga kwa mdomo (suruali ya kuazima ikachanika nyuma), na yule mtani, bila kuambiwa, akanidaka mguu, nikaanguka kifudifudi miguuni pa wabeba jeneza. Somoe alicheka. Nilimwona, kona ya kanga mdomoni.

Mjomba wake mkubwa akaniinamia. "Wewe mtani wa wapi?"

Nikataja ukoo wa baba.

"Baba sijamuuliza. Ukoo ni wa mama. Mama yako nani?"

Mama alifariki nikiwa mchanga, nikalelewa kwa baba, ninachokijua ni jina lake na kwamba alitoka Marambo. Nikamtajia. Mzee akanitazama usoni kama anayetafuta kitu.

"Basi mama yako ni wa ukoo wetu, na aliyelala humu ni bibi yako. Inuka ubebe."

"Mwacheni," yule mtani akasema, "mjukuu alikuwa anamtangulia bibi."

Wakacheka tena. Nikabeba jeneza, bega moja tu, mkono mwingine umeshika suruali.

Tuliporudi kutoka makaburini Somoe alileta maji ya kunawa. Akanimiminia bila kuinua macho.

"Nawa, kaka."

Hapo herufi sijakosea. Alisema kaka.

Sasa msibani nakaa nyuma kabisa, na sichekeshi mtu kabla sijajua mama yake katoka wapi. Ombi langu ni moja. Kama yupo aliyeiona ile katuni mpaka mwisho, aniandikie, aniambie paka alifika au alirudishwa. Aandike kwa herufi kubwa, maana na kusoma nasoma polepole.