Kumtafuta Mfukuza Ndege

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi nyumbani kwa maana ya mkoa au wilaya. Nasema nyumbani kwa maana ya kibaraza cha mama yangu hapa Ihumwa, kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, na ukuta ninaouegemea mpaka chokaa imebaki na alama ya mgongo wangu. Nilimaliza kidato cha nne nikapata matokeo ambayo mama aliyatazama, kisha akaigeuza karatasi upande wa pili kuona kama kuna mengine. Tangu hapo nachora. Nachora vibao vya saluni na vya mabucha, na siku ambazo hakuna saluni wala bucha linalofunguliwa, ambazo ndizo nyingi, nachora katuni kwenye madaftari.

Katuni zangu zina shujaa mmoja tu, naye ni marehemu baba. Baba alikuwa kibarua wa kuamia ndege kwenye mashamba ya zabibu kule Makutupora. Zabibu zikianza kuiva, ndege hufika kabla ya mnunuzi, na kazi yake ilikuwa kusimama juu ya dungu la miti tangu alfajiri akiwa na kombeo, debe bovu na sauti. Ile sauti ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Watu wa shamba la tatu walikuja kumwomba apunguze, maana hata kuku wao walikuwa wamehama.

Alipofariki, miaka minne iliyopita, nilianza kumchora akiwa na nguvu za ajabu. Akipiga ukelele mmoja, matairi ya majambazi yanapasuka. Akipiga wa pili, yale mawingu yanayopita juu ya Dodoma kwenda kunyesha kwa watu wengine yanageuka yanarudi. Anavaa mabuti ya mpira na shuka mgongoni. Hapai angani, kwa sababu kwake kupaa ni tabia ya ndege, na ndege ni maadui. Ana udhaifu mmoja: hawezi kumpita mtu bila kumaliza salamu. Maadui wamelijua hilo. Jambazi akizidiwa anavua kofia, anasema, "Shikamoo mzee, habari za huku?" Basi shujaa wangu lazima aitikie, aulize ya nyumbani, ya mbuzi, ya mvua, ya yule shangazi mwenye mguu mbovu. Anapofika kwenye mguu, jambazi yuko Morogoro.

Msomaji wangu pekee alikuwa binamu yangu anayekaanga chipsi Chimwaga, karibu na chuo kikuu. Kila daftari likijaa nampelekea. Nilidhani anasoma, kumbe alikuwa anafungia chipsi. Nililijua hilo siku alipofika nyumbani msichana mmoja, mwanafunzi wa hapo chuoni, ameshika ukurasa wangu ulioloa mafuta mpaka unaweza kumwona mtu wa upande wa pili.

"Wewe ndiye msanii?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Niligeuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

"Nilicheka mpaka chipsi zikapoa," akasema. "Nikarudi kununua nyingine ili nipate karatasi."

Alikuwa anasomea utengenezaji wa filamu, yuko mwaka wa mwisho, na baada ya wiki tatu alitakiwa kukabidhi filamu fupi ya kuhitimu. Wenzake wote walikuwa wanatengeneza za mapenzi na machozi. Yeye alitaka ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, ya kuchekesha, na aliomba kumtoa shujaa huyo kwenye madaftari yangu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Hata kiti nilimpa, yaani nilisimama, jambo lililomshtua mama kuliko habari ya filamu.

Mama alikuwa uani anapepeta uwele. Hakuinua kichwa. "Huyo mnayemgawana," akasema, "ni mume wangu."

Msichana akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu kaka yako anajua kumchora. Kumchora si kuishi naye. Mleteni huyo atakayekuwa yeye, nimwone kwa macho. Nikimwona mume wangu, nendeni mkacheze. Nisipomwona, huo mkanda haupo."

"Mama, itakuwa ya kuchekesha."

"Nimesikia. Ndiyo maana nataka kumwona."

Wakati ule nilidhani ni ubishi tu. Baadaye ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa ameshamzika mtu huyo mara moja, na hakutaka arudi kwenye kioo akiwa mtu mwingine, halafu watu wamkumbuke huyo mwingine.

Siku mbili zilizofuata mimi na mwongozaji, maana ndivyo alivyotaka aitwe, tulibishana jinsi ya kuchekesha. Mimi nilitaka shujaa ajikwae. Nilitaka suruali ianguke. Nilitaka debe limwangukie kichwani, mara mbili. Yeye alinisikiliza kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa anayejipangia dawa.

"Kaka, shujaa asijue kwamba anachekesha. Kwake yeye hii ni vita. Akijua tu, tumekwisha."

Nikaitikia kwa kichwa kuonyesha nimeelewa. Kisha nikauliza kama suruali inaweza kuanguka bila yeye kujua.

Jumamosi tukafanya usaili uani kwetu. Wa kwanza alikuwa mwanachuo mwenye kifua, fulana imembana kama ganda la muwa. Alipanda juu ya kinu.

"Shuka kwenye kinu changu," mama akasema.

Akashuka, akatanua miguu, akatoa sauti nzito kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kuku waliendelea kula. Mama aliitazama mikono yake kwa muda. "Huyu hajawahi kufukuza hata inzi," akasema. "Lakini amelelewa vizuri, ameshiba."

Wa pili alikuwa mchekeshaji wa mjini anayeitwa kwenye maharusi. Alikuja ameweka mto tumboni na jino amelipaka masizi. Akawa anakivunjavunja Kiswahili kama wanavyowaiga wazee wetu wa vijijini, akaishika simu kichwa chini, akaitazama kwa nyuma akiuliza huyo mtu anayeongea ameingilia wapi. Wanachuo waliokuja na mwongozaji walicheka. Nami nilicheka, sitadanganya. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipofuta machozi nikaona ungo uko chini na mpepetaji hayupo. Mama alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango.

Wa tatu nilikuwa mimi, kwa kuwa hakuna aliyebaki. Nilisimama pale pale, nikajaza pumzi, nikafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kama mtu anayeita basi lililokwisha kuondoka. Mwongozaji alinitazama kwa huruma.

"Kaka, umekaa sana," akasema.

Nikaenda kugonga kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Yule amemtukana baba yako nyumbani kwake."

"Mama, ni mchekeshaji. Ndiyo kazi yake."

"Anamcheka kwa ruhusa ya nani? Siku ya msiba, nani alimcheka baba yako?"

Hapo nikatamani sakafu inimeze, na kiti changu kifuate.

Sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya wapagazi kupita katika nchi yetu ikiomba maji. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayemwigiza marehemu mbele ya waombolezaji, na hakuna wa kumkasirikia. Baba alikuwa na mtani wake, mzee wa Kinyamwezi aliyekaa dungu la jirani misimu yote ile. Siku ya mazishi alivaa koti la baba, akatembea mwendo wa baba mbele ya jeneza, akawaambia wachimbaji waongeze kina, la sivyo ile sauti itatoka. Mama alicheka huku machozi yanamtiririka. Wiki ile hakucheka tena. Na mimi nilikuwa nimekusanya wachekeshaji wa Dodoma nzima nikamsahau mwenye haki. Mtoto wa darasa la pili katika ukoo wetu asingefanya kosa hilo.

Kesho yake mwongozaji akaazima gari la rafiki yake, tukaenda Makutupora. Kwangu hiyo ilikuwa safari. Nilibeba sweta. Mzee tulimkuta anafunga matawi ya mizabibu kwenye waya, na hakuacha.

"Nimesikia tangu wiki iliyopita mnatafuta mtu wa kumwigiza mtani wangu," akasema. "Nikasema ngoja. Mgogo hakumbuki kisima mpaka mvua ikatike."

"Shikamoo babu. Tumekuja kuomba..."

"Jogoo."

"Jogoo?"

"Mtani hatoki mikono mitupu. Na umkamate wewe mwenyewe. Nataka kujua kama hiyo miguu ni yako au umeazima."

Tukampakia kwenye gari mpaka Ihumwa, na watu wa mtaa wetu wakapata sinema kabla ya filamu. Nilimkimbiza jogoo wa mama kuzunguka nyumba mara sita, mara mbili kati ya hizo yeye ndiye aliyekuwa ananikimbiza mimi. Mzee alikaa kwenye kiti changu akihesabu. Mwongozaji alirekodi kwa simu, na mpaka leo amekataa kufuta. Nilipomkamata jogoo hatimaye, nadhani alikuwa amenihurumia.

Mama akatoka ndani kwa zile kelele. Mzee akamtazama.

"Mjane, nimesikia unatafuta mume."

"Nilitafuta mtu, wameniletea mpagazi. Mzigo umeuacha wapi?"

"Mzigo si ndio huu hapa, umeshika jogoo. Nipe maji. Babu zako waliwanyima babu zangu maji mpaka watoe shanga. Leo nakunywa bure, tena nayamwaga mengine."

Mama akamletea kata ya maji, na niliona mdomo wake umeanza kucheza pembeni. Mzee akanywa, akayamwaga mengine kama alivyoahidi, akaiweka kata chini. Kisha akainua macho. Juu ya waya wa umeme walikuwepo shomoro watano. Akawatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayewatazama ndugu waliomsaliti kwenye mirathi.

"Jana," akasema polepole, "tulikubaliana nini?"

Shomoro hawakujibu.

"Si nawauliza? Mimi na ninyi, jana, pale pale, tulikubaliana nini?"

Mwongozaji akanishika mkono bila kujua. Mzee hakuwa anamchekesha mtu. Alikuwa ameudhika kweli, na alikuwa anawapa nafasi ya kujitetea. Walipokosa la kusema, akapiga ukelele. Haukuwa mkubwa kama wa baba, maana ana miaka zaidi ya sabini, lakini mwishoni ulikuwa na ule ufa, pale sauti inapokatika kidogo kama mtu aliyeumizwa moyo na ndege. Ufa huo nimejaribu kuuchora kwa miaka minne, sijauweza.

Shomoro wakaondoka wote. Mama alikuwa amekaa chini, kanga imemtoka begani, anacheka bila sauti, kisha kwa sauti, kisha ameshika kiuno anamwomba Mungu ampumzishe.

"Ndiye," akasema alipoweza. "Huyo ndiye. Mjinga wangu."

Mwongozaji akaninong'oneza, "Kaka, lakini shujaa wa sabini na kitu atapigana vipi?"

Mzee alimsikia. "Nitapigana polepole," akasema.

Hapo ndipo filamu ilipopata mwendo wake. Siku ya kupiga picha, kule kule Makutupora, yule mwanachuo wa kifua alikuwa jambazi, na kwa ujambazi alifaa sana. Mzee akimrushia ngumi, ngumi inachukua muda kufika, na jambazi lazima asubiri kwa heshima kwa kuwa anayempiga ni mtu mzima. Mara moja mzee alisimama katikati ya pigo akapumzika, akamwomba jambazi amshikie shuka. Akashikiwa. Mpiga picha alitikisika kwa kicheko mpaka ikabidi kamera iwekwe juu ya ndoo. Mimi, mwenye hadithi, mrithi wa shujaa, nilipewa ubao uliobandikwa karatasi ya kung'aa nimmulike mzee usoni. Mwongozaji alisema ni kazi muhimu. Alisema hivyo kwa upole mno.

Tukafika kwenye sehemu ya shujaa kuaga, kabla ya kwenda kupambana na mfalme wa ndege. Nilikuwa nimeandika hotuba ya nusu ukurasa. Ilikuwa na neno haki mara tano. Mzee akaishika karatasi mbali na macho, akaisoma yote, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa koti. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma ya kamera, ameambiwa asikohoe.

Kamera ikaanza. Mzee akatembea hatua tatu kuelekea kwenye mizabibu, akasimama. Akageuka. Hakuitazama kamera wala mimi. Alimtazama mama.

"Mama watoto," akasema, "nikichelewa, ugali wangu usimpe huyu anayekaa kutwa."

Mwanga wa ubao wangu ukaruka ukaenda kwenye majani. Niliurudisha. Mama hakucheka. Alimtazama kwa muda ambao mwongozaji baadaye aliupima akaukuta mrefu kuliko filamu za wenzake zinavyoruhusu, na hakukata hata kidogo.

"Nenda," mama akasema kutoka nyuma ya kamera. "Nitaufunika."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akapita kati ya mistari ya mizabibu. Hakuna aliyemwambia asimame. Akaendelea kwenda mpaka koti likapotea, halafu tukamsikia huko mbali anagombana na ndege ambao mimi sikuwaandika.