Maksai Wangu wa Kukodi

Mimi na mume wangu tulinunua maksai wawili mwaka wa pili wa ndoa yetu, hapa Nyarero. Yeye aliuza mahindi, mimi nilishona nguo kwa cherehani niliyopewa na mama yangu. Tukaongeza plau na nira. Tukimaliza kulima shamba letu, tuliwakodisha kwa majirani, na mume wangu hakukubali waende bila yeye. Alitembea nyuma yao siku nzima. Jioni aliwakagua shingo, na akiona nira imewachubua, alirudi ndani na hakula vizuri.

Aliugua tumbo, akafariki kabla ya mvua za vuli.

Baada ya matanga, kaka yake mkubwa aliitisha kikao uani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi na ambaye macho yake yalikuwa yameshafifia, alikaa kwenye kigoda karibu nami.

"Shemeji," kaka mtu aliniambia, "vyombo, kitanda na cherehani ni vyako. Hakuna atakayevigusa. Lakini ng'ombe ni wa ukoo. Plau inafuata ng'ombe."

"Wale tuliwanunua pamoja, mimi na yeye," nikasema.

"Aliyewaswaga kutoka mnadani ni ndugu yangu."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Siku hiyohiyo maksai wakafunguliwa zizini. Niliingia ndani nikajifunika khanga usoni, nisisikie kwato zikitoka.

Nilikwenda kwa afisa maendeleo wa kata, dada aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Alinisikiliza hadi mwisho. Akanieleza kwamba shamba na nyumba ni mali isiyohamishika, na ng'ombe, plau, cherehani, hata sufuria, ni mali inayohamishika, na kwamba kitu mlichochuma pamoja hakiachi kuwa chenu kwa sababu tu kina miguu.

"Una mashahidi, dada. Wale mliokuwa mnawakodishia wanajua ng'ombe walikuwa wa nani," alisema. "Anayekodi analipia kutumia tu, mali inabaki ya mwenyewe. Nenda mahakamani. Nitakusindikiza."

Nilirudi nyumbani nimeamua kwenda. Nikamkuta mama mkwe amekaa mlangoni, ameshaambiwa.

"Utamshtaki mwanangu?" aliuliza. "Mmoja nimemzika juzi. Huyu aliyebaki mkigombana naye, mimi nitakaa kwa nani?"

Nilimwangalia yule bibi aliyenipokelea watoto wangu wote kwa mikono yake. Sikwenda.

Mvua zilipoanza, shamba letu lilikuwa bado halijaguswa. Kila niliyemwomba maksai alikuwa na foleni ya watu. Nikaenda kwa shemeji. Hakunifukuza, hakunidharau. Alinipangia siku kama anavyompangia mtu yeyote, tukakubaliana nitawashonea watoto wake sare za shule kuwa kodi. Nilishona zile sare huku machozi yakidondokea kitambaa, nikawa nasimama kukausha nisije nikaharibu.

Asubuhi ya kulima maksai walikuja wakiongozwa na kijana wa shemeji. Walipofika njia panda hawakungoja kuswagwa, walikata wenyewe kuja kwetu, wakaenda moja kwa moja hadi mlango wa zizi, wakasimama pale na nira shingoni.

Mama mkwe alisikia. Akatoka akipapasa ukuta, uso umechangamka kuliko siku zote tangu msiba.

"Wamerudi?" akaniuliza. "Amewarudisha?"

Nilimshika mkono asijikwae.

"Hapana, mama. Wamekuja kulima tu. Nimewakodi."

"Umekodi kwa nani?"

"Kwa mwanao."

Alisogea akawapapasa mgongoni, mmoja mmoja, kisha akapeleka mkono shingoni, palepale alipokuwa akishika mwanawe marehemu jioni. Mkono ukasimama juu ya kidonda kibichi. Akaanza kulia kwa sauti, akimwita marehemu kwa Kikurya, aje aone. Yule kijana aliinamisha kichwa.

Walilima hadi mchana. Nilitembea nyuma yao mwenyewe.

Msimu uliofuata shemeji aliwauza mnadani. Alinitumia ujumbe kwamba walikuwa wamezeeka. Siku hiyo sikushona kitu. Mama mkwe naye hakuuliza tutalima na nini mwaka huu, na hajaingia tena nyumbani kwa mwanawe, hata alipotuma watoto kuja kumwita.