Jirani Alipokosa Mkamuaji

Mwezi uliopita nilipita Kirolirwe, kijiji nilichokulia, na kabla gari halijasimama, harufu ya ng'ombe na majani yaliyolowa mvua ilinijaa puani. Nilicheka peke yangu. Rafiki yangu, kama nawe ulikulia kwenye vilima vile miaka ya hamsini, huna haja ya kuniuliza kwa nini.

Sisi tulikuwa watu wa maharagwe na viazi vitamu. Jirani yetu, mzee aliyefiwa na mke, alikuwa mtu wa ng'ombe. Nyanya alimpelekea chakula, naye akatugawia maziwa ya kuganda, mazito, ya kula na viazi vya moto. Ah, utamu ule!

Basi wiki ileile ng'ombe wake mweusi alipozaa, mzee aliteleza kwenye matope akavunjika mkono. Wanawe walikuwa mbali, kwenye kazi ya barabara. Asubuhi tukasikia ng'ombe analia bila kunyamaza. Nyanya akatoka mbio, mimi na dada yangu mkubwa nyuma yake. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa.

"Papa, hawa wajukuu wangu wako na mikono," nyanya akasema.

"Hapana, Mama. Kwetu mwanamuke hakamulaka ngombe. Anaosha vyombo, anasukasuka siagi, basi."

Nikaropoka: "Sasa ngombe anajua nani njo mwanamuke?"

Nyanya alinikata jicho. Lakini mzee, pamoja na maumivu yake, akacheka. Ng'ombe akalia tena, na cheko lile likaisha. "Mujaribu basi," akasema.

Nilikuwa wa kwanza, nani angenizuia! Nikavuta, hakuna kitu. Nikavuta kwa nguvu, ng'ombe akasogea, nikamchapa kofi ubavuni. Teke moja tu, na chombo cha mti kikabingirika matopeni.

Dada akakiosha, akachuchumaa. Akaegemeza paji la uso kwenye tumbo la ng'ombe, akaimba kwa sauti ya chini wimbo ambao mzee alikuwa akiwaimbia ng'ombe wake. Akangoja. Alingoja mpaka nikatamani kupiga kelele. Halafu tukasikia: tsss, tsss! Povu likapanda! Mimi na nyanya tuliruka tumeshikana mikono kama watoto wawili, na mzee akawa anapaza sauti, "Anaachilia! Anaachilia!"

Chombo kilipojaa, mzee akamwambia dada: "We njo utakamula." Kisha akanigeukia. "Wewe, hapana."

"Juu niko mwanamuke?"

"Na huyu dada yako iko nani? Wewe unapiga ngombe. Muntu wa hasira, ngombe anamufungia maziwa. Siku hasira itapunguka, urudi."

Nilikwenda nyumbani nikilia. Nilimwambia nyanya kwamba mzee amebadilisha kisingizio tu, kukataliwa ni kukataliwa. Alikuwa anamenya viazi, hata hakuinua kichwa. "Haiko kitu moja," akasema. "Kuwa binti hakumuumizi ngombe. Kofi yako inamuumiza."

Dada alikamua msimu mzima. Watu walikuja kushangaa. Shangazi wa mzee alitoka Mushaki akaapa hatayanywa maziwa yale. Siku ya tatu akaomba kikombe cha pili! Wanawe waliporudi, mzee hakumwondoa dada. Mimi nilirudi mara mbili, mara mbili nikashindwa kungoja. Mara ya tatu nikapewa kamba ya ndama, nikaishika kwa fahari kubwa. Mkamuaji sikuwa kamwe.

Sasa zizi halipo. Mzee na nyanya wamelala kilimani, dada naye amewafuata, na ule wimbo sikumpata hata mtu mmoja anayeukumbuka. Tangu siku zile nimenyimwa kazi nyingi: juu ya kabila, juu ya kuwa mwanamke, juu ya sababu ambazo hakuna aliyethubutu kuzitamka. Katika wote walionikataa, ni mzee yule tu aliyenitazama machoni, akanitajia kosa langu, akaniambia nirudi.